Chini ya ukali wa mbwa kuna woga

Septemba 2007, wataalamu wa tabia za wanyama waliingia kwenye mabanda ya mbwa katika jimbo la Virginia, Marekani, wakiwa wamejiandaa kwa shari. Waliokuwa wakiwasubiri humo ni pitibuli, mbwa wenye vifua vipana na taya za kutisha, waliotolewa kwenye shamba ambako walifugwa ili wapiganishwe na watu waweke dau. Wengi nchini humo walikuwa wameshakata shauri kwamba wanyama wa namna hiyo hawana dawa isipokuwa sindano ya mwisho.

Walichokikuta bandani hakikufanana na hofu yao. Wapo mbwa waliotikisa mkia. Wapo waliosogea taratibu kunusa mikono ya wageni. Na wapo waliojibandika sakafuni, tumbo chini, miguu imetandazwa, kichwa kimelazwa ubavuni, hawataki hata kuinua jicho. Hawakubweka wala hawakung'ata. Walitetemeka tu. Waliowatunza wakazoea kuwaita mbwa chapati.

Kisa hicho kilibadilisha namna Wamarekani wengi wanavyowatazama mbwa walioonekana kushindikana, na kinamgusa pia mtu ambaye hajawahi kusikia habari ya mapigano ya mbwa maishani mwake. Mbwa anayewarukia wapita njia, anayebweka mpaka povu linamtoka, anayetaka kumrarua kila mbwa mwenzake anayemwona, mara nyingi ni mbwa mwoga. Woga huo una namna ya kushughulikiwa, na namna hiyo imeshapimwa.

Kutoka shambani hadi jangwani

Shamba lile la kaunti ya Surry lilikuwa mali ya Michael Vick, ambaye wakati huo alikuwa nyota wa mpira wa Kimarekani katika timu ya Atlanta Falcons. Polisi walilipekua Aprili 2007 wakifuatilia habari za dawa za kulevya zilizomhusu ndugu yake, wakaibuka na kesi nyingine kabisa. Agosti mwaka huo Vick alikiri kosa, na Desemba akahukumiwa kifungo cha miezi 23. Juu ya kifungo, mahakama ilimtaka atoe karibu dola 928,000 kwa ajili ya matunzo ya mbwa waliobaki hai. Profesa wa sheria, Rebecca Huss, akateuliwa kusimamia hatima yao, mmoja baada ya mwingine.

Neno hilo, mmoja baada ya mwingine, ndilo lililokuwa jipya. Kabla ya hapo, kwa kawaida mbwa waliokamatwa kwenye kesi za mapigano walihesabiwa kama kielelezo cha mahakamani: kesi ikiisha, nao wanauawa. Hata baadhi ya mashirika makubwa ya kutetea wanyama yalishauri hivyo safari hii. Lakini kati ya mbwa 49 waliopimwa na wataalamu, mmoja tu ndiye aliyeonekana mkali kiasi cha kutosaidika.

Mbwa 22, wengi wao wenye matatizo mazito zaidi, walisafirishwa Januari 2008 hadi Kanab, mji mdogo kwenye majabali mekundu ya Utah, kwenye hifadhi ya shirika la Best Friends. Wengine walipokelewa na makundi kadhaa, likiwemo BAD RAP la California. Huko Kanab kazi ilianza kwa kitu ambacho mtu wa haraka angekiona upotevu wa muda: kukaa. Mhudumu aliingia bandani, akaketi sakafuni, akamwachia mbwa uamuzi wa kusogea au kutosogea. Maendeleo ya kila mbwa yalipimwa na kuandikwa, kwa maana mabadiliko ya mnyama mwoga ni madogo mno, na asiyeandika huyasahau.

Mahakama iliweka pia kizingiti. Wale wa Kanab waliotazamiwa kupewa familia walipaswa kwanza kufaulu mtihani wa tabia njema wenye vipengele 10, vikiwemo kumkubali mgeni anayewasogelea, kupita katikati ya watu, na kukutana na mbwa mwingine bila kufanya fujo. Kwa mbwa aliyekulia kwenye mnyororo na kufundishwa damu, huo ni mlima. Hata hivyo wengi waliupanda, wakaenda kuishi majumbani.

Woga unavyovaa sura ya ukali

Mnyama aliyetishika ana njia chache za kujiokoa. Anaweza kukimbia, anaweza kuganda kama jiwe, anaweza kupigana. Mbwa aliye huru huchagua kwanza kukimbia au kukwepa. Wawili wasiofahamiana wakikutana uwanjani bila kamba, hawaendeani moja kwa moja. Huzunguka kidogo, hunusa ardhi, hutazama pembeni, kisha hunusana ubavuni. Wafunge kamba, wakutanishe uso kwa uso kwenye njia nyembamba, na adabu hiyo yote inakuwa haiwezekani. Aliyekuwa akitaka kuondoka hana pa kuondokea. Kinachobaki ni meno.

Kisha kuna somo ambalo mbwa hujifundisha mwenyewe bila mwalimu. Bodaboda inapita mbele ya geti. Mbwa anabweka na kurukia mabati. Bodaboda inatokomea. Dereva alikuwa anakwenda zake tu, lakini mbwa halijui hilo. Anachojua ni kwamba amebweka na kitisho kimeondoka. Kesho atabweka mapema zaidi, na kwa nguvu zaidi. Baada ya miezi 6 mwenye nyumba anasema mbwa wake ana chuki na pikipiki, kumbe kila siku geti hilo limekuwa darasa.

Kabla ya kufika huko mbwa huwa amesema mengi kwa mwili wake. Hupiga miayo ilhali hana usingizi. Hulamba pua wakati hakuna chakula. Hugeuza kichwa, weupe wa macho ukaonekana pembeni. Masikio hulala nyuma, mkia hufyatwa, mwili hukakamaa. Ndipo anaunguruma. Wenye mbwa wengi huadhibu mngurumo huo, wakiuona ni utovu wa adabu. Ni kama kung'oa king'ora cha moto kwa sababu kinapiga kelele. Mbwa aliyepigwa kila anapounguruma hujifunza kunyamaza, lakini woga wake uko palepale, na siku moja atang'ata "bila onyo."

Mtoto, sungura na peremende

Mbinu inayotumika leo kwa mbwa waoga ilitokana kwa sehemu kubwa na mtoto wa binadamu. Mwaka 1924 mwanasaikolojia Mary Cover Jones, jijini New York, alieleza habari za mvulana aliyemwita Peter, ambaye hakuwa ametimiza miaka mitatu alipomfikia, naye alimwogopa sungura mweupe kupita kiasi. Jones hakumkaripia wala hakumlazimisha kumshika sungura. Alimketisha Peter mahali akila chakula anachokipenda, sungura akiwa tunduni, mbali, mwisho wa chumba. Kadiri mtoto alivyotulia ndivyo tundu lilivyosogezwa. Mwishowe Peter alimchezea sungura yule kwa mikono yake.

Siri iko kwenye mambo mawili yanayokwenda pamoja. La kwanza ni kumzoesha kidogo kidogo, kwa kiwango ambacho hakimwamshii hofu. La pili ni kukiambatanisha kitisho na kitu kitamu, mpaka moyo ubadilishe tafsiri yake. Mrusi Ivan Pavlov alikuwa ameshaonyesha kwamba mbwa anaweza kutokwa na mate kwa kusikia tu mlio unaotangulia chakula. Jones alionyesha kwamba mlango huohuo unaweza kupitisha hofu kwenda nje.

Barabarani, jambo hilo hufanyika hivi. Tuseme mbwa aitwaye Simba huchachamaa kila anapoona mbwa mwingine. Kazi ya kwanza ni kutafuta umbali ambao Simba anamwona mwenzake lakini bado anaweza kula. Pengine ni hatua 15, pengine 60. Mbwa anayekataa kipande cha maini amekwisha kuvuka mpaka wake. Hapo hakuna somo, kuna kuokoka tu, na mwenye mbwa anapaswa kugeuka na kuondoka naye.

Umbali ukipatikana, mpangilio ndio kila kitu. Mbwa mwingine anatokea kwanza, kisha maini yanafuata. Yanaendelea kutoka, kipande kidogo baada ya kipande, muda wote mgeni anapoonekana. Mgeni akipotea, maini nayo yanakwisha. Ukianza kutoa maini kabla mgeni hajatokea, unaweza kumfundisha Simba kinyume chake: kwamba nyama ni dalili ya balaa linalokuja. Zoezi moja dakika 5 hadi 10 linatosha, na siku iliyoharibika kwa fujo hufuatwa na siku ya kupumzika, kwa kuwa mwili uliojaa homoni za mshtuko hautulii mara moja.

Baada ya siku au majuma, hutokea jambo ambalo wakufunzi hulisubiri kwa hamu. Simba anamwona mbwa kwa mbali, masikio yanasimama, halafu anageuka mwenyewe kumtazama anayemshika kamba, kana kwamba anauliza: maini yako wapi? Kitisho kimegeuka kengele ya chakula. Hapo ndipo hatua moja ya kusogea karibu inaruhusiwa. Moja tu.

Wengi huhofia kwamba kumpa chakula mbwa anayeogopa ni kumzawadia woga. Woga si kitendo anachokifanya mbwa kwa kutaka malipo. Ni hali inayompata. Anayempa mtoto mkono wakati radi inapiga hamfundishi kuogopa radi.

Kwamba njia hii inafika mbali kumethibitishwa huko Weaverville, North Carolina, ambako shirika la kutetea wanyama la ASPCA lina kituo cha mbwa waoga kupindukia, wengi wao waliookolewa kutoka mazingira ya ukatili au ufugaji wa kurundika. Baadhi hawajawahi kuvaa kamba wala kupanda ngazi. Wakufunzi hutumia chakula, hatua ndogondogo na msaidizi asiye na mshahara: mbwa mchangamfu anayeingizwa pamoja na mwoga, ili mwoga aone mwenzake akimkimbilia binadamu na kurudi salama. Ripoti ya kisayansi iliyotolewa mwaka 2022 kuhusu mbwa 441 waliopitia mpango huo ilionyesha kuwa asilimia 86 walihitimu, kwa wastani wa takriban miezi mitatu ya mafunzo.

Fimbo na habari ya "bosi wa kundi"

Wapo wanaoamini kwamba mbwa mkali anataka kuwa bosi wa nyumba, na dawa yake ni kumlaza chali, kumkaba au kumchapa mpaka ajue nani mkubwa. Imani hiyo ina asili yake. Mwaka 1947 Rudolf Schenkel alichapisha uchunguzi wake juu ya mbwa mwitu waliofungiwa katika bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi, akaeleza ugomvi wao wa kuwania ukubwa. David Mech wa Marekani aliisambaza fikra hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1970. Lakini Mech huyohuyo, baada ya kuwatazama mbwa mwitu porini kwa miaka mingi, aliandika mwaka 1999 kwamba kundi la kawaida ni familia: baba, mama na watoto wao. Anayeongoza ni mzazi. Wale wa Basel walikuwa kama wafungwa wasiofahamiana waliorundikwa kwenye chumba kimoja.

Na fimbo ina gharama. Mwaka 2020 watafiti wa Ureno wakiongozwa na Ana Catarina Vieira de Castro walichapisha matokeo ya kuwafuatilia mbwa 92 wa shule za mafunzo. Waliofundishwa kwa kuvutwa shingo, kukemewa na njia nyingine za maumivu walionyesha dalili nyingi zaidi za msongo, na mate yao yalikuwa na ongezeko kubwa la kotisoli, homoni ya msongo, baada ya somo. Baadaye walijaribiwa kwa bakuli ambalo huenda lina soseji, huenda halina. Waliozoea adhabu kali zaidi walijikongoja kulielekea, kama mtu asiyetarajia jema. Kwa mbwa ambaye tatizo lake la awali ni hofu, kuongeza maumivu ni kummiminia mafuta aliyekwisha kuwaka.

Daktari kwanza

Kabla ya maini na kamba, mbwa aliyebadilika tabia aonwe na daktari wa mifugo. Mwaka 2020 Daniel Mills wa Chuo Kikuu cha Lincoln, Uingereza, na wenzake walikadiria kwamba angalau theluthi moja ya mbwa wanaoletwa kwa wataalamu kwa matatizo ya tabia wana maumivu fulani mwilini. Nyonga inayouma, sikio lenye usaha, jino bovu: mbwa hana namna ya kueleza, ila kumfokea anayemsogelea.

Wapo pia ambao hofu yao ni kubwa kiasi kwamba hakuna umbali unaotosha. Hao husaidiwa na dawa sambamba na mafunzo. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha klomipramini kwa mbwa wanaohangaika wakiachwa peke yao mwaka 1998, na fluoksetini mwaka 2007. Dawa hizo hutolewa na daktari wa mifugo baada ya kumpima mbwa. Vidonge vya binadamu vya kabatini haviingii hapo.

Kwa Afrika Mashariki kuna tahadhari nyingine isiyopaswa kupuuzwa. Mbwa aliyekuwa mpole akageuka ghafla, akang'ata ovyo, akatokwa na mate na kushindwa kumeza, huenda ana kichaa cha mbwa, na hapo hakuna habari ya mafunzo. Hadi asilimia 99 ya maambukizi ya ugonjwa huo kwa binadamu hutokana na mbwa. Aliyeng'atwa aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha akimbilie hospitali kupata chanjo. Chanjo ya mbwa mwenyewe ndiyo msingi wa yote.

Nyuma ya kibao cha "Mbwa Mkali"

Katika miji yetu, kutoka Nairobi hadi Dar es Salaam, kibao cha "Mbwa Mkali" kinaning'inia kwenye mageti mengi. Nyuma yake mara nyingi yupo mbwa anayefungiwa bandani mchana kutwa na kuachiwa usiku. Alichukuliwa akiwa mdogo, akafichwa asizoee watu, kwa imani kwamba hivyo atakuwa mlinzi mzuri. Sayansi ina neno juu ya hilo. John Paul Scott na John Fuller, waliofanya kazi kwa miaka mingi huko Bar Harbor, Maine, walionyesha katika kitabu chao cha mwaka 1965 kwamba kuna dirisha, takriban wiki ya 3 hadi ya 12 ya maisha, ambapo mtoto wa mbwa huupokea ulimwengu. Watu, watoto, kelele, wanyama wengine anaokutana nao kwa wema wakati huo huwa sehemu ya maisha. Dirisha likifungwa, kila kipya ni kitisho. Anayelelewa gizani hukua akiogopa kila kitu, hata mtoto wa jirani anayeokota mpira wake.

Mlinzi anayejua kutofautisha mgeni wa kawaida na mwizi ni yule aliyewaona watu. Aliyekwisha kukua hivyo bado anaweza kusaidiwa. Geti la matundu lizibwe ili asikeshe akipigana na barabara. Atolewe kutembezwa saa ambazo njia ni tupu. Afundishwe, kwa maini hayohayo, kuvaa kifunga mdomo cha muundo wa kikapu kinachomruhusu kuhema na kunywa maji, ili majirani wawe salama wakati yeye anajifunza. Na usiku wa Mwaka Mpya, fataki zinapolipuka, aingizwe ndani, madirisha yafungwe, redio iwashwe. Utafiti wa Helsinki wa mwaka 2020 juu ya mbwa wapatao 13,700 nchini Finland uligundua kwamba asilimia 32 walikuwa na hofu ya kelele, tatizo lililoongoza kuliko yote.

Anayedhani kufundisha mnyama kwa chakula ni mambo ya Ulaya aende Morogoro. Kwenye Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika la APOPO huwafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Kidude kidogo kinatoa mlio mfupi panya anapopatia, kisha anapata kionjo cha ndizi. Hakuna kiboko. Magawa, aliyezaliwa na kufunzwa Tanzania kisha akatumwa Kambodia, aligundua zaidi ya mabomu na vilipuzi 100, na mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza. Msingi aliofunzwa nao, chakula badala ya maumivu, ndio anaouhitaji mbwa wa getini.

Msikilizaji wa maktabani

Wale mbwa wa Virginia hawakuishia mahali pamoja. Lucas, aliyekuwa bingwa wa mapigano, aliamriwa na mahakama abaki Kanab maisha yake yote. Aliwapenda watu, na watu wakampenda. Mwingine, aitwaye Leo, alipata cheti cha mbwa faraja, akawa akitembelea wagonjwa wa saratani California mpaka alipokufa mwaka 2011. Familia iliyomchukua Handsome Dan ilianzisha shirika kwa jina lake, la kuwasaidia mbwa wengine. Frodo, aliyeokolewa akiwa bado mdogo, alikuwa wa mwisho kufa, Desemba 2021, akiwa na umri wa karibu miaka 15.

Na yupo Jonny Justice, mweupe na mweusi, aliyepata nyumba San Francisco. Naye alipitia njia ndefu ya kuzoea mji, kelele zake na nyuso zake, kisha akafuzu kuwa mbwa faraja. Alikuwa akipelekwa maktabani kukaa na watoto wanaoona haya kusoma kwa sauti mbele ya wenzao. Mtoto alifungua kitabu, akaanza kutamka neno moja moja kwa kusitasita, na Jonny alilala kando yake, akimsikiliza.